Kisanduku cha Ukurasa wa Tatu

Fomu imekaa mezani wiki ya pili, Norbert,
kati ya kopo la siagi na miwani yako,
na theluji imeshapanda mpaka kizingiti cha dirisha.
Kurasa nne. Mbili tumejaza bila ugomvi:
jina la mume, jina la mke,
mwaka wa kuhitimu, sitini na sita, sote wawili,
Shule ya Mtakatifu Kunegunda, Wisconsin,
ng'ambo ya kiwanda cha karatasi
ambacho harufu yake tuliibeba kwenye makoti hadi altareni
na hakuna aliyemcheka mwenzake,
maana tulinuka sote.

Ukurasa wa tatu ndio uliotupozea chai.
Mwanafunzi awe na alama zisizopungua,
kisha kisanduku, cheupe, kinangoja tarakimu.
Ukasema themanini na tano.
Ukasema kwa sauti ya mwenye fedha,
wewe ambaye fedha yako yote ni kiwanja cha shangazi
kilichogeuzwa maegesho ya magari.

Themanini na tano!
Mume wangu, nikukumbushe Kilatini?
Nilikaa nyuma yako, upande wa kile kipasha joto
kilichogonga kila asubuhi kama mdai mlangoni.
Niliiona shingo yako ikiiva
Sista Edeltrud aliporudisha karatasi:
arobaini na moja.
Mwaka uliofuata, arobaini na tatu.
Tulikupigia makofi kwa zile mbili.

Na mimi, mwenye alama za kubandikwa ukutani,
nilikuwa na ada ya mwaka mzima shingoni.
Baba alikuwa ameacha vidole vitatu kwenye mashine,
kampuni ikamlipa viwili.
Niliitwa ofisini Jumatano ya Majivu,
majivu yenyewe hayajakauka kwenye paji.
Nilikwenda nimeshaivua beji,
nimeifumbata kiganjani
ili nisisubiri kuombwa.
Sista akafungua daftari, akaligeuza nisome mwenyewe.
Mbele ya jina langu, kwa wino wa bluu:
Imelipwa.

Na nani?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza umri wake.
"Rudi darasani, Marcella. Na mlango ufunge, kuna baridi."

Karibu miaka sitini namtafuta mtu huyo.
Nimemwamkia kila mzee mwenye koti zuri.
Nilimdhania daktari wa meno, nilimdhania paroko,
kuna mwaka nilimdhania mama yako,
nikawa namwosha miguu kwa uangalifu zaidi alipougua.
Akafa hakukiri, hakukana.
Nimebaki na deni
lisilo na mlango wa kupigia hodi.

Ndiyo maana sikitaki kile kibao cha shaba.
Kutoa ni moyo, ndiyo,
lakini wako unapenda kusomwa kwa herufi kubwa.
Usibishe. Nilikusikia kwenye simu
ukiuliza bei ya kuchonga kila herufi,
na jina letu la ukoo, Kuchenbecker,
si jina la kuchonga kwa bei nafuu.

Jana usiku hukuja kulala mapema.
Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu,
kisha kimya, kisha kifutio,
kisha kimya kirefu zaidi.

Asubuhi nimekuta bahasha imefungwa, ina stempu,
imeegemea birika.
Ulikuwa nje unakoroma na koleo kwenye theluji.
Nikaifungua kwa mvuke, kama mwizi.

Kibao: hapana.
Jina la ufadhili: pengo tupu,
na nukta moja ya wino mahali kalamu ilipotua
ikaghairi.
Na ndani ya kisanduku, juu ya kivuli cha namba iliyofutwa,
umeandika kwa mwandiko wako wa kitoto, ulioinama kushoto:
41.

Nimelamba gundi, nimeifunga tena.
Sitakuambia kitu.
Ingia ndani, Norbert, masikio yako yamekuwa mekundu.
Chai ipo.
Na mlango ufunge.